Mahari ya Mlango Mmoja wa Kitabu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, kwa sababu mwishoni kuna swali na hakuna ruhusa ya kusema hukusikia. Hadithi hii imechosha watu wengi. Kila ilipotolewa, wasikilizaji waliondoka wamenuniana.

Zamani za babu wa babu zetu, mjini Siyu, palikuwa na vijana watatu waliosoma kwa mwalimu mmoja. Lali alikuwa na kichwa: akisikia jambo mara moja, halimtoki tena. Bunu alikuwa na subira: angeweza kumtumikia mtu mkaidi mpaka ukaidi ukamwishia mwenyewe. Shekue hakuwa na kichwa wala subira, lakini alikuwa na miguu, na alikuwa mwaminifu. Ukimpa kitu akupelekee, kitafika kama kilivyotoka.

Nyuma ya pazia alikaa wa nne, Mwanamize, binti wa mwalimu. Wale watatu walimjua kwa sauti tu, akijibu maswali yaliyowashinda wao. Wote wakampenda, na kwa kuwa walikuwa wacha Mungu, hakuna aliyethubutu kutamka.

Mwalimu alikuwa akiwasomesha elimu ya mirathi, namna ya kugawa mali ya marehemu. Walipofika kwenye mlango mgumu kuliko yote, wa babu anayerithi pamoja na ndugu, mwalimu akafariki. Kitabu kikabaki rafuni. Mwanamize angeweza kukifungua akasoma peke yake, lakini alilelewa na desturi ya watu wa elimu: hutoi hukumu kwa somo ambalo hukulisikia kinywani mwa mtu aliyelisikia kwa mwalimu wake. Walimu wengine wa mji walimwambia mwanamke hana haja na mlango ule. Lakini wajane walikuwa wakija nyumbani kwake na vilio vyao vya urithi, na kila swali lilipogusa babu na ndugu ilimbidi aseme, "Sijafika hapo, mama." Walimwelewa, wakaondoka. Yeye alibaki na aibu yake mpaka jioni.

Ami yake, Mbwana, ndugu wa marehemu, akaona binti ameachwa peke yake na ni wakati wa kumwoza. Mwanamize akaweka nadhiri mbele yake.

"Ami, mahari yangu ni mlango uliobaki. Atakayeniletea kwa kinywa chake, huyo nitamkubali."

Ami Mbwana akakubali, ila naye akaweka mpaka. Mwezi wa Mfungo Sita wa mwaka wa tatu ukiisha bila somo kufika na bwana harusi kujulikana, Mwanamize ataolewa na mgane mmoja wa Lamu, mtu mwenye mali, aliyekwisha kusema kwamba nyumbani kwake hapatakuwa na darsa ya wanawake. Vijana watatu walipopata habari hizo hawakungoja kushauriana. Walifunga mizigo wakaenda Barawa, alikokuwa bado hai Sheikh Faki, mwalimu wa marehemu mwalimu wao.

Hapo ndipo posa ya mbali ilipoanza, posa ya watu wasiokuwa na ruhusa ya kuiita posa. Wasafiri kutoka kaskazini walileta salamu. Lali alituma beti alizozitunga, akimsomesha mfanyabiashara mpaka azishike zote. Bunu alituma swali: mtu akimkumbuka mtu ndani ya sala, sala yake imebatilika? Mwanamize alijibu kwamba haikubatilika, kisha akakaa siku nzima akijiuliza kama amejibu swali la dini au la jambo jingine. Shekue alituma salamu tu, na aliyezileta alisema kulikuwa na maneno mengine, ila Shekue mwenyewe aliyasahau kabla ya kuyasema. Mwanamize alicheka, na ilikuwa muda mrefu hajacheka. Aliwapenda wote watatu, kila mmoja kwa lake, na hapo ndipo shida ilipojificha.

Mwaka ukapita, na wa pili. Beti zikapungua, maswali yakakoma. Mwanamize aliendelea kufundisha watoto wa jirani alifu na bee, na usiku akalala akiwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Wakati mwingine alitamani wasirudi, ili asiwe na cha kungojea.

Sasa sikilizeni kazi ya kila mmoja.

Sheikh Faki alikuwa mzee sana na alikwisha kufunga darsa. Aliwafukuza. Bunu hakuondoka. Alimtekea maji, akampikia, akamfulia, akamshika mkono kumpeleka msikitini, akatukanwa, akarudi kesho yake. Baada ya mwaka na zaidi, mzee alisema atausomesha mlango ule mara moja tu, bila kalamu wala karatasi, kwa sharti kwamba Bunu asimwache mpaka mmoja wao azikwe. Bunu akakubali. Siku za somo alikuwa jikoni, kwa sababu mzee lazima ale.

Aliyeketi mbele ya mzee ni Lali. Alilisikia somo mara moja, na mara moja ilimtosha. Kila fungu, kila mfano, kila mahali mzee alipokohoa, alilihifadhi. Shekue naye aliketi hapo hapo, na aliinuka kama alivyokaa, hakushika kitu. Lali na Shekue wakashika njia ya kurudi. Walipofika Kismayu, Lali akapatwa na homa iliyomnyima miguu. Akiwa kitandani, alimrudishia Shekue somo lile fungu kwa fungu. Shekue alisahau, akarudiwa, akasahau, akarudiwa. Aliomba aandikiwe, Lali akakataa, kwa kuwa walimwahidi sheikh.

Kisha Shekue akatembea. Alielekea kusini, akipita mchanga na miiba, akilisoma somo kwa sauti bila kusita, maana akisita tu lingemponyoka. Watu walimpa salamu, naye, mcha Mungu ambaye kwake kuitikia salamu ni wajibu, aliinua mkono tu akapita. Walidhani ni mwendawazimu. Wengine walimwonea huruma wakamwekea chakula njiani. Alikula huku akisoma. Akavushwa kwa mashua mpaka Siyu, nyayo zimepasuka, na Mfungo Sita ulikuwa umeshaandama.

Pazia likatundikwa kama zamani. Shekue alisoma, Mwanamize akarudia nyuma yake mpaka somo likawa lake. Ami Mbwana, aliyekuwa shahidi, akauliza kama desturi inavyotaka, "Umelisikia kwa nani?"

Angejitaja mwenyewe na sheikh, angekuwa bwana harusi kabla ya alasiri. Si alikuwepo darsani? Lakini Shekue akajibu:

"Nimelisikia kwa Lali, aliyelisikia kwa Sheikh Faki, ambaye asingelifungua ila kwa utumishi wa Bunu. Mimi nimelibeba tu."

Nyuma ya pazia Mwanamize alifumba macho. Ami Mbwana alikuna ndevu, akasema tungoje. Na kabla mwezi haujaisha wale wawili wakafika. Sheikh Faki alikuwa amezikwa, na Bunu alipitia Kismayu akampakia Lali juu ya ngamia. Wakaketi watatu kwenye mkeka ule ule wa utoto wao.

Lali akasema, "Ulichosikia ni maneno yangu yakipita kinywani mwa mwingine."

Bunu akasema, "Mimi sina hata neno moja la somo lile, nilikuwa jikoni. Lakini bila jiko lile, sheikh angekufa nalo."

Shekue akasema, "Nadhiri yako ilisema kwa kinywa chake, Bi Mwanamize. Kinywa ni hiki."

Wakati huo huo akaingia mjane mmoja, mmoja wa wale wa zamani, na lile swali lake la babu na ndugu. Mwanamize alimkaribisha. Akamgawia urithi ule, fungu la babu mahali pake, fungu la ndugu mahali pao, bila kusita. Mjane akaondoka akimwombea dua. Mwanamize akaegemea ukuta.

"Nimengoja mpaka nimechoka kungoja," akasema. "Sasa nimekisoma kitabu chote. Najua kumpa kila mwenye haki haki yake, akaondoka nayo. Lakini humu ndani hamna mlango wa kumgawa mtu."

Nje, barazani, mjumbe wa yule mgane wa Lamu alikuwa amekwisha kufika na kukaribishwa kahawa, akingoja mwezi uishe. Ami Mbwana alisema kwa upole kwamba binti asipochagua yeye, atachagua yeye Mbwana, na wote walijua atamchagua nani.

Basi mjumbe yuko barazani anamalizia kikombe, na Mwanamize amechoka, hana tena nguvu ya kuamua. Nyinyi mmekaa hapa mmepumzika. Aliyeufungua mlango, aliyeuhifadhi, au aliyeufikisha: mngemwambia amkubali yupi?