Nani Aliinyamazisha Simu ya Semeni?

"Laki tisa, na zote ni zangu!" Kihiyo akapiga meza ya kukatia vitambaa, mkasi ukaruka. "Semeni, ulitamka kwa kinywa chako."

"Alitamka kwako peke yako?" akauliza Hiza.

"Msinipigie kelele, wanangu," akasema Bi Mishi. "Nipeni changu niende zangu."

 Mguu wa Semeni ulikuwa juu ya pedeli ya cherehani, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Hawa wanne, jamani, walikuwa majirani wa baraza moja pale Muheza, kila mtu na lake. Hiza, fundi simu, alikuwa na subira ya kuandika kila kitu. Bi Mishi, muuza vitumbua, hakuna aliyemshinda kwa salamu. Kihiyo, karani mstaafu, akishaanza kudai haki haachi. Na Semeni, fundi wa nguo, alikuwa mtu wa neno moja. Akisema kasema. Hilo ndilo lililomponza.

Mteja mmoja alikopa kwenye kampuni ya mikopo ya simu, akaiona namba ya Semeni kwenye kibao cha duka, akaiandika kuwa ya mdhamini wake. Kisha akatoweka. Kampuni ikaanza kupiga: mara ishirini, mara thelathini kwa siku, na kila mara kwa namba mpya, hata kuzuia hakukusaidia. "Mwizi wewe! Mwambie mwenzio alipe!" Semeni alieleza, akaapa, akalia. Wakamcheka. Mwalimu mkuu aliyetaka sare sitini alipiga siku mbili, akakuta simu inatumika. Kazi akampa fundi mwingine. Abadili namba? Wateja wa miaka kumi na moja wanaijua hiyo hiyo. Na abadili kwa kosa la nani?

Siku alipozikosa zile sare, Semeni alifoka barazani: "Atakayeninyamazishia simu hii, chochote kitakachopatikana kwa hao washenzi ni chake. Chote! Sigawi."

Hiza akaichukua simu. Wiki tatu alirekodi kila tusi, akaandika daftarini namba, saa na maneno. Simu za wateja wake zikalala bila kutengenezwa, wengine wakaja kuzichukua kwa hasira.

Lakini hakuna aliyejua wapigaji ni nani wala wako wapi. Bi Mishi akasema, "Ikilia tena, nipe."

Ikalia. "Wewe ndiye Semeni?" sauti ikafoka.

"Hata salamu, mwanangu?"

Sauti ikashuka. "Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje? Mama hajambo? Baba je? Kifua chake?"

"Ha... hajambo, bibi."

"Alhamdulillahi. Watu wa wapi nyinyi?"

Aliyelelewa vizuri hamkatii mkubwa simu salamu zikiwa zinaendelea, na za Bi Mishi hazikuwa na mwisho. Kijana akajibu moja, akajibu ya pili, hadi akataja jina lake, Twaha Mhina, wa Handeni, na ofisi yao, Tanga mjini, juu ya duka la magodoro. Baadaye habari ikaja kwamba Twaha amefukuzwa kazi. Tangu hapo Bi Mishi akimwamkia mtu huona haya.

Kihiyo naye akaiandikia kampuni barua, akaambatisha daftari na jina. Alikwenda Tanga mara nne kwa nauli yake. Mara tatu akaambiwa bosi hayupo. Mara ya nne alikaa mlangoni tangu asubuhi, akiwasomea wapita njia matusi yale kwa sauti ya karani, mpaka bosi akapatikana. Kampuni ikaifuta namba ya Semeni na kutuma fidia laki tisa.

Simu ikanyamaza. Baraza ikachafuka.

"Chukueni tatu tatu," Semeni akawasihi.

"Ulisema chote," akasema Hiza. "Barua bila daftari langu ingekuwa porojo."

"Daftari bila jina ungempelekea nani?" akauliza Bi Mishi. "Mtoto wa watu nimemponza kwa shikamoo yake. Hiyo dhambi nayo nigawane na nani?"

"Na jina bila mtu wa kwenda?" Kihiyo akadakia. "Mngekaa nalo hapa mnakula vitumbua!"

Hakuna aliyeuliza habari za sare sitini. Semeni akawatazama mmoja mmoja. Akimpa mmoja, amewadhulumu wawili. Akigawa, amekula neno lake. Akikaa nazo, yeye ndiye mwizi kama walivyomwita kwenye simu.

Je, wewe ungeamua vipi? Usiniambie wagawane, hilo limeshakataliwa. Taja jina moja, na useme kwa nini. Kisa nimekupa chote. Sasa nipe jibu langu.