Siku Kaisari Dubu Aliposhuka Ngazi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, maana leo nawapeleka kwenye baridi.

Zamani sana, katika nchi ya theluji, wanyama walitawaliwa na Kaisari Dubu. Baba yake alikuwa kaisari. Babu yake alikuwa kaisari. Yeye kazi yake kula asali na kulala. Akiamka, anakula. Akishiba, analala. Waziri wake, Mbweha, ndiye aliyetoa amri zote.

Njaa ikaingia. Ghala la Kaisari limejaa, matumbo ya raia matupu. Wazee wakafa. Watoto wakafa.

Mama Kindi alikuwa amemzika mumewe. Akasema, "Twendeni kwa Kaisari. Hajui. Angejua, asingelala."

Wakaenda. Sungura, kulungu, bata bukini, wote. Chwa! Chwa! Chwa! Hawakubeba hata fimbo. Walibeba watoto.

Mbele ya jumba wamesimama mbwa mwitu, askari wa Kaisari, meno nje. Mbweha akapanda mbio ghorofani.

"Kaisari, amka! Wamekuja kukuua! Sema neno moja, wararuliwe!"

Dubu akafumbua kinywa. Mara akasikia, kho! kho!

"Nani anakohoa?"

"Mtoto wa Kindi tu."

"Wauaji huja na watoto wao?"



Dubu akashika ngazi. Mbweha akang'ang'ania joho lake. "Kaisari hawashukii makabwela!"

Joho likachanika, chaaa! Dubu akashuka bila joho. Mbwa mwitu wakampisha.

"Mama, mnataka nini?"

Mama Kindi akasema, "Baba, kiti chako hatukitaki. Tunataka chakula. Na yanapoamuliwa mambo yetu, nasi tuwepo."

Dubu akawatazama watoto, mbavu zinahesabika. Akaona haya.

"Nimelala, nanyi mnakufa! Askari, ficheni meno. Fungueni ghala!"

Wakala. Mbweha akatorokea mlango wa nyuma. Baraza likaundwa, na raia wakaketi ndani yake. Waligombana, we! Siku nyingine Dubu alishindwa, akanuna. Lakini hakurudi kulala, wala hakuna aliyempindua. Alikufa kwa uzee, akaliliwa. Binti yake akatawala pamoja na baraza, na nchi ile haikumwaga damu.

Jamani, mtawala hulindwa na masikio yake kuliko meno ya askari wake.

Hadithi yangu naitua hapo. Aipendaye na aiokote.