Siku Manowari Subira Iliporudi

"Manowari hubadili bendera, haibadili mbao." Mmeisikia leo arusini, wajukuu zangu, mkaniuliza imetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi.

Zamani za merikebu za matanga, manowari ya Wareno ilipanda mwamba mbele ya mji wetu. Wazee wetu wakaiteka, wakaiziba, wakaiita Subira. Ah, bibi yangu hakuweza kuitaja bila machozi kumlengalenga! Ikirudi safari, wanawake waliacha vyungu motoni, wakashuka pwani kwa vigelegele. Mshika usukani wake alikuwa Mbwana Shali, kijana mcheshi aliyemjua kila mtu kwa jina.

Mwaka mmoja Wareno wakaiteka tena, pamoja na Mbwana. Wakamwambia achague usukani au upanga. Akashika usukani.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Subira ikatokea, bendera ngeni mlingotini. Watu walitazama merikebu tu, si bendera, wakakimbilia pwani kuilaki. Mzinga ukalia. Mmoja wao, Famau, akafa palepale mchangani mikononi mwa dada yake, Mwana Esha. Mizinga ikaendelea kulia hadi maji yalipoanza kupwa. Hapo manowari ikageuka ghafla, ikapanda fungu la mchanga, ikalala ubavu. Mizinga ya upande mmoja ikatazama mbingu, ya upande wa pili ikatazama maji. Vijana wetu wakaivamia, wakaitwaa.

Mbwana akaletwa pwani amefungwa kamba. Wengi walitaka auawe, na manowari ichomwe.

"Niliikwamisha mimi," akasema.

"Mbona hukuikwamisha kabla ya mzinga wa kwanza?" Mwana Esha akamwuliza.

"Maji yalikuwa yamejaa, dada. Ingepita juu ya fungu. Nilingoja yapwe, huku nawaona mkianguka."

Mwana Esha akamsogelea. Kisha akainama, akaanza kuifungua ile kamba kwa mikono ambayo bado ilikuwa na damu ya kaka yake.

"Manowari hubadili bendera," akawaambia watu, "haibadili mbao. Huyu ni Mbwana wetu."

Hakuna aliyewasha moto. Subira ikazibwa, ikaelea, na Mbwana akaiongoza mpaka nguvu zikamwisha. Uzeeni mwake alipita kwa Mwana Esha kila Ijumaa, wakakaa barazani wakimkumbuka Famau, mara wakicheka, mara wakilia.

Kwa hiyo akirudi kwenu mtu aliyelazimishwa kusimama upande wa adui, msiharakishe kumkana. Manowari hubadili bendera, haibadili mbao.