Kijiti cha Mama Eularia

"Usinunue betri hujatoa kijiti."

Bibi Melania alisema hivyo bila kuinua kichwa. Alikuwa amekaa juu ya gunia tupu ghalani, anachambua viazi vya mbegu: vizima kushoto, vilivyooza kulia. Upande wa kulia ulikuwa umeanza kuwa mlima. Mjukuu wake Gaudensia alikuwa ametoka kusema kwamba mbegu hizi zimeshindikana, kila mwaka zinaoza, na msimu ujao ni bora wakanunue mpya mjini.

"Betri imeingiaje kwenye viazi, Bibi?" aliuliza Lumuliko, kijana wa jirani aliyekuja kusaidia.

"Ni methali hiyo."

"Shuleni hatukuisoma."

"Mngeisomea wapi? Imezaliwa hapo mteremkoni mnapopita mkienda dukani. Chambueni, nami nitawaeleza. Mikono ikisimama, na mimi nanyamaza."

Wakainamia viazi. Bibi akaanza: methali hii ilianza hivi.

Kabla ninyi hamjazaliwa, akina mama wa kijiji hiki tulianzisha kikundi cha maziwa. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake, mmoja au wawili, na kila alfajiri tulikusanyika kwa Mama Eularia, mwenyekiti wetu, tukamimina maziwa kwenye madumu na kuyapakia kwenye pikapu. Pikapu hiyo ilikuwa mali ya kikundi, na ilikuwa imechoka kabla hata haijafika kwetu. Iliyapeleka maziwa barabara kubwa, ambako lilipita lori la kiwanda. Lori lile halikumsubiri mtu. Ukilikosa, unarudi na maziwa yako, na nguruwe wanashinda vizuri siku hiyo.

Dereva alikuwa Osmundi, kijana mtaratibu, asiyejua kujitetea. Alikuwa amechumbia kijiji cha pili, na wakwe walimkubali kwa sababu ya ule ufunguo wa gari. Shamba hakuwa nalo. Mnaelewa basi ufunguo ulikuwa nini kwake.

Betri ya gari ilipozeeka, ikawa asubuhi haina nguvu ya kuamsha injini. Huku kwetu Njombe baridi ni kali, mnaijua, umande unaganda kwenye majani. Tukasema ni baridi. Tukaamua gari lilale pale mteremkoni nje ya boma la Mama Eularia, pua ikitazama bondeni, ili asubuhi Osmundi aliachie, liteleze, liwake. Nyuma yake palikuwa na ukingo uliopandwa majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe, marefu kuliko mtu. Osmundi alilirudisha nyuma mpaka bampa linapotelea majanini.

Kulikuwa na tatizo dogo. Breki ya mkono ilikuwa imekatika waya, na gia ilikuwa na tabia ya kujitoa yenyewe. Wengine wangeweka jiwe. Lakini jiwe Mama Eularia hakutaka kulisikia. Dereva mmoja wa lori aliwahi kukinga gurudumu kwa jiwe, akaondoka akaliacha barabarani, na mume wa Mama Eularia akaligonga kwa baiskeli akavunjika bega. Mama Eularia akaapa kwamba gari la kikundi chake halitaacha jiwe njiani. Akachukua mti wa muwati, akachonga kijiti kwa mkono wake, laini kama mpini wa jembe, akakizungushia kitambaa ncha moja kisitoboe kiti. Ncha nyingine ilikaa kwenye pedeli ya breki. Ukikibana pale, gari halisogei hata ulisukume. Tulimsifu sana, na alistahili.

Baadaye tulipata nguvu kidogo, tukanunua betri mpya. Tukadhani habari imekwisha. Siku za mwanzo gari liliamka, ingawa kwa kunung'unika. Wiki haijaisha, likafa kabisa. Tukaichaji betri, ikakaa kidogo, ikafa tena. Sasa hapo sikilizeni vizuri. Betri ya zamani tulikuwa tumeitoa, lakini woga wake tulibaki nao. Hakuna aliyesema sasa gari lilale tambarare. Liliendelea kulala palepale mteremkoni, likisubiri kufa.

Asubuhi nyingine liliwaka katikati ya mteremko, tukapiga vigelegele. Asubuhi nyingine lilifika bondeni kimya, nasi tukajitwisha madumu kichwani tukikimbilia lori. Mara nyingi tulifika vumbi lake likitua.

Maneno yakaanza. Wengine walisema Osmundi analala garini anasikiliza mpira redioni. Wengine walisema anawachajia vijana simu kwa betri ya kikundi. Mzee Fulgensi, aliyekuwa akirudi kutoka kilabu cha pombe kwa njia ile, alisema ameona macho mekundu kwenye majani ya tembo. Huyo tulimwambia apunguze ulanzi.

"Mama zangu," Osmundi alisema, "mimi nikishaliacha gari, nimeliacha. Ufunguo naondoka nao, nalala nao."

"Na betri unaondoka nayo?" mmoja akamuuliza, na watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mama Eularia hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amechoka kuwaeleza wenzake kwa nini maziwa yao yamemwagwa. Akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada kutakuwa na kikao, ajenda mbili: betri nyingine, na dereva mwingine. Ila kwanza gari lipelekwe kwa Zebedayo, ili isije ikasemwa tumemwonea mtu.

Zebedayo alikuwa fundi wa kule barabara kubwa. Ufundi aliupata kwa kufungua na kufunga. Alikuwa na maneno machache, na katika hayo alilolipenda zaidi ni "ngoja tuone." Aliisafisha betri vichwa vyake, akakaza waya, akapima kama injini inaichaji inapotembea. Kisha akaliacha gari lilale uani kwake, mahali tambarare. Asubuhi akagusa ufunguo, likawaka. Akaliacha tena, na kesho yake likawaka.

Mama Eularia alikwenda kulichukua, mimi nikiwa naye.

"Kwa hiyo gari ni zima," alisema.

"Hapa kwangu limeamka vizuri."

"Basi mgonjwa ni dereva."

Osmundi alikuwa amesimama hapohapo. Alitazama chini, akaanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

"Mimi sijasema hivyo, Mama," Zebedayo alijibu taratibu. "Nimesema kwangu limelala salama. Kwenu sijaliona likilala. Mtu akikohoa nyumbani kwake tu, utampimaje hospitali ukajua? Nitakuja Jumamosi jioni."

"Kikao ni Jumapili."

"Ndiyo maana nitakuja Jumamosi."

Akaja kwa baiskeli, jua likiwa bado kwenye vilele vya miti. Akina mama tulikuwa tumejaa, maana habari hazifichiki. Zebedayo alitoa mfukoni kitaa kidogo chenye waya mbili, akamwita Osmundi.

"Lilaze gari kama unavyolilaza kila siku. Usiongeze kitu, usipunguze kitu, hata kama unaona ni upuuzi. Ukimaliza niambie."

Osmundi akafanya. Akalirudisha nyuma mpaka bampa likazama majanini, akazima, akachomoa ufunguo, akainama kidogo mle ndani, akashuka, akafunga mlango.

"Nimemaliza, Fundi."

Zebedayo akafungua boneti. Akatoa waya mmoja wa betri, na kati ya waya ule na betri akakiunga kile kitaa.

"Akina mama, tazameni," alisema. "Kama ndani ya gari hili wote wamelala, umeme hauna safari, na hiki kitabaki giza. Kikiwaka, kuna anayekunywa."

Kikawaka. Kiliwaka vizuri, kama macho ya paka.

Minong'ono ikapita. "Redio hiyo," akasema mmoja nyuma yangu. Osmundi akaonekana kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Ngoja tuone," alisema Zebedayo. Akafungua kiboksi cha fyuzi. "Mnasema redio. Fyuzi ya redio ni hii." Akaichomoa. Kitaa kikaendelea kuwaka. "Redio haina kesi." Akairudisha mahali pake. Akachomoa nyingine, ya taa za mbele. Kitaa kinawaka. Akairudisha. Akachomoa ya taa ya ndani. Kinawaka. Hakuharakisha. Kila alichokitoa alikirudisha kabla ya kugusa kingine. Mama mmoja akamwambia azitoe zote mara moja twende tukakamue.

"Nikizitoa zote, Mama, kitazimika, na hatutajua alikuwa nani."

Akachomoa nyingine. Kitaa kikazimika.

Zebedayo aliitazama ile fyuzi kwenye kiganja chake, akairudisha. Akatoa kitaa, akaufunga tena waya wa betri kama ulivyokuwa. Kisha akazunguka nyuma, akayatenga majani ya tembo kwa mikono miwili.

"Njooni huku."

Jua lilikuwa limeshaingia. Ndani ya majani yale palikuwa pekundu. Kila jani lilikuwa jekundu, na tope la ukingoni lilikuwa jekundu. Taa mbili za nyuma zilikuwa zinawaka kwa nguvu zake zote, zikiwamulikia panya.

"Niliwaambia," alisema Mzee Fulgensi, aliyekuwa amefika wakati gani sijui. "Mkasema ulanzi."

"Hizi ni taa za breki," alisema Zebedayo. "Zinawaka pale tu mtu anapokanyaga breki. Sasa niambieni, nani yumo garini anakanyaga?"

Sote tukageuka kuutazama mlango. Osmundi ndiye aliyekwenda kuufungua. Akasogea pembeni ili tuone. Kitini hapakuwa na mtu. Palikuwa na kijiti cha muwati, laini, kimevishwa kitambaa, kimeikanyaga breki kwa utii kama kilivyoagizwa.

Wanangu, kila mmoja alijua nani amekichonga. Hakuna aliyethubutu kumtazama.

Osmundi angeweza kusema. Ilikuwa zamu yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisema tu, "Hata mimi sikujua, Mama. Nakibana kila siku kwa mkono wangu."

Mama Eularia akaingia nusu mwili garini, akakichomoa kile kijiti. Kule nyuma majani yakarudi kuwa meusi. Akakigeuzageuza mkononi.

"Nilikichonga ili kisije kikamuumiza mtu," alisema.

"Na hakikumuumiza mtu," alisema Zebedayo. "Siku kilipochongwa kilikuwa dawa. Hakuna aliyerudi kukitazama, basi."

"Ila kimekula betri."

"Mbili, nadhani."

Ndipo mwenyekiti wetu akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, na sisi wote tukapata ruhusa ya kucheka. Usiku ule gari lililala tambarare uani kwake, bila kijiti. Asubuhi Osmundi aligusa ufunguo mara moja.

Jumapili kikao kilikuwepo, kwa maana kilikuwa kimetangazwa. Mama Eularia akasimama, akakiweka kijiti mezani. Akasema ajenda ya kwanza ilikuwa betri. Mmoja wetu, aliyekuwa kwao msibani siku zile na hakujua yaliyotokea, akanyoosha mkono akasema tununue kubwa zaidi safari hii, ndogo hizi hazifai.

"Usinunue betri hujatoa kijiti," Mama Eularia alimjibu. "Hata ungenunua ya lori, kingeinywa."

Akamwita Osmundi mbele. Akaomba radhi, hakuzunguka. Kisha akamwomba ufunguo, akamkabidhi upya kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu mzima kitu. Waya wa breki ya mkono ulibadilishwa baadaye. Kabla ya hapo tulitumia jiwe, ila Mama Eularia alilifunga kamba kwenye mlango wa gari, ili lisiweze kubaki njiani hata dereva akisahau. Kiapo chake hakukivunja. Na Osmundi alioa. Mkewe ndiye yule anayewauzia mandazi.

Hapo Bibi Melania akamaliza. Mikono ya vijana ilikuwa imesimama muda mrefu, na hakuwa amewakemea.

"Yule mama wa mandazi?" alisema Lumuliko. "Mbona hajawahi kutuambia?"

"Wewe huwa unaongea naye, au unamaliza mandazi yake?"

Gaudensia hakucheka. Alikuwa ameshika kiazi kilichooza, anakigeuza. Kisha akasimama, akaenda kwenye rundo ambalo hawajalifikia, lile lililofunikwa turubai zito. Yeye mwenyewe ndiye aliyelinunua turubai lile, mwaka ambao baridi iliunguza mbegu zao, na kila jioni alilivuta mpaka chini, akalikandamiza kingo zake kwa matofali ili baridi isipate hata tundu. Akainua kona moja. Akapitisha kiganja upande wa ndani, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa kimelowa, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Bibi," alisema polepole, "hata tungenunua mbegu mpya, tungezilaza wapi? Si chini ya unyevu huuhuu?"

Bibi Melania alijinyoosha mgongo, akakung'uta udongo kwenye kanga yake.

"Ngoja tuone," alisema Lumuliko, kwa sauti ya kifundi, na safari hii Gaudensia akatabasamu.

Giza lilikuwa linaingia ghalani na nusu ya viazi bado havijachambuliwa. Walikubaliana kwamba kesho Lumuliko ataleta fito za kunyanyulia mbegu kutoka sakafuni, kisha watalimaliza lile rundo. Kabla ya kutoka, Gaudensia aliyaondoa matofali, moja moja, akalikunja turubai, akaliegemeza ukutani. Viazi vikabaki wazi, vinapumua.

"Kwa hiyo mjini hatuendi," alisema Lumuliko mlangoni.

"Tutaona tukimaliza," alisema Gaudensia, akijifuta kiganja kwenye sketi. "Usinunue betri hujatoa kijiti."