Kitufe cha Jikoni mwa Kokuhirwa

Hapo zamani, na si zamani ile ya wanyama kusema, bali hii ya karibu ambapo vibao vya kompyuta huuzwa rafu moja na betri na balbu, palikuwa na mtu Bukoba, upande wa mlimani, akiitwa Ta Mushobozi, yaani Bwana Mushobozi. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Masikio yake yalikufa polepole, la kulia kwanza, la kushoto likafuata. Mkewe, Ma Kokuhirwa, aliita kutoka jikoni, "Baba Kemi, chakula!" Sauti ilifika chumba cha nyuma, lakini haikumfikia mtu.

Kokuhirwa akaenda kwa Fundi Salvatory, muuza vifaa vya umeme, akanunua kibao kidogo kama kiberiti. Kibao hicho hufuata maagizo: unayaandika kwenye kompyuta, unayaingiza kwa waya. Salvatory akamfundisha somo la kwanza, lile ambalo kila anayeanza huanza nalo: washa taa, subiri, zima taa, subiri. Kokuhirwa akalichukua somo hilo, akalikata na kulirefusha alivyotaka mwenyewe. Kitufe akakifunga jikoni, taa akaiweka mezani kwa mumewe. Akibonyeza, taa inawaka na kuzima kwa mwendo wake, kisha inatulia. Ta Mushobozi anaweka gundi chini, anakwenda kula.

Kisha Kokuhirwa akafa.

Taa ikanyamaza. Siku moja yule mgane alibonyeza kitufe mwenyewe, akakimbilia chumba cha nyuma. Alipofika, taa ilikuwa imekwisha sema. Akarudi jikoni taratibu, akajipakulia. Hakujaribu tena.

Binti yake Kemilembe alikuja matangani, akabaki. Naye alimtamani mama yake, akaona kwamba akijifunza alichojifunza mama atakuwa amekaa naye kidogo. Akakichomoa kibao, akakipeleka dukani.

"Fundi, nikiweka somo la kwanza, hakitaharibika?"

"Weka tu, binti. Somo la kwanza halijawahi kumdhuru mtu."

Kemilembe alidhani kibao ni kama simu, kwamba picha mpya haifuti ya zamani. Sivyo. Kibao kile hubeba programu moja tu. Mpya ikiingia, ya kwanza imekwenda. Salvatory alilijua hilo, ila hakuulizwa, naye hakufikiri. Somo likaingia. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Kemilembe akapiga makofi.

Nyumbani, Ta Mushobozi akaitazama taa ile ikiwaka na kuzima sawasawa, bila kukoma, kama kitu kisichomjua mtu.

"Umefanya nini, Kemi?"

Alipoelewa alichofanya, Kemilembe alilia. Alichokiandika mama yake hakikuwepo popote, maana kompyuta ya dukani aliyoandikia ilikwisha kufa. Akaapa kukiandika upya.

Kibao kikakataa. Alikiunga kwa waya wa kuchajia simu, na kompyuta yake haikukiona kabisa. Akasema, "Nimekiua." Salvatory aliposikia, alifunga duka akapanda mlima kwenye mvua.

"Hujakiua. Waya huu unapitisha umeme tu, maneno haupitishi. Shika wangu."

Kibao kikaonekana. Kemilembe akaandika, akaingiza, baba akatazama.

"Sivyo."

Akapunguza, akaongeza, akaingiza.

"Karibu. Lakini sivyo."

"Basi nieleze, Baba, ilikuwaje?" Kemilembe aliuliza polepole, baba asome midomo yake.

Hakuweza. Angeiona angeijua, kuieleza hakuweza. Juma zima ikawa hivyo, binti anaandika, baba anatikisa kichwa, hata akaanza kuogopa kwamba macho yake yamesahau, na kwamba sasa Kokuhirwa ameondoka kweli.

Ndipo akaingia Ma Byera, dada wa marehemu, na kikapu cha ndizi. Akaitazama ile taa inayohangaika, akacheka, kisha hakucheka tena.

"Kemi, weka fupi, fupi, ndefu sana, fupi."

Kemilembe akaandika, akaingiza, akaenda jikoni, akabonyeza. Fupi. Fupi. Ndefuuu. Fupi.

Ta Mushobozi akashika ukingo wa meza.

"Hujui ni nini hicho, shemeji?" Ma Byera alimsogelea amwone midomo. "Ni jina lako. Mushobooozi! Ndivyo alivyokuita toka ng'ambo ya migomba, kabla hamjaoana. Alipozaa, heshima ikamfunga, ukawa Baba Kemi. Kwa mdomo hakuweza tena, akakuita kwa taa. Akaniambia, 'Usimwambie, atagundua mwenyewe.'"

Ta Mushobozi akaenda nao jikoni, ambako Salvatory alikuwa amefika kuchukua waya wake. Kisha akasema, "Kitufe nampa mmoja wenu. Huyo ndiye atakayeniita kila jioni na kula nami. Mmoja tu. Taa ikiwaka nataka nijue ni mkono wa nani."

Kemilembe akasema, "Ni wangu. Mimi nimeiandika, kila agizo, hadi likakubali."

"Aliyebomoa nyumba akaijenga, anadai sifa?" akauliza Salvatory. "Ni wangu mimi. Nilimfundisha marehemu, nikaleta waya. Bila waya mngekuwa mnaimbia jiwe."

"Unadai kula kwa sababu uliazimisha sufuria?" akasema Ma Byera. "Na nani alimwambia mtoto 'weka tu'? Ni wangu. Ninyi mlikuwa na taa, mimi ndiye niliyekuwa na jina."

"Na ulikaa nalo, Mama Mdogo!" Kemilembe akamgeukia. "Matanga yamepita, Baba anakula peke yake, wewe umenyamaza."

"Niliahidi."

"Uliyemwahidi amekufa."



Ta Mushobozi hakusikia hata neno la ugomvi huo. Alikuwa amekwisha kwenda chumba cha nyuma, ameketi, mikono juu ya meza, anaitazama taa. Jikoni wamesimama watatu: aliyeifuta akaiandika upya, aliyeifungulia njia ya kufutwa na njia ya kurudi, na aliyelitunza jina hata karibu lipotee. Kitufe ni kimoja.

Enyi mnaonisikiliza, msiharakishe, lakini msimcheleweshe. Je, nani alistahili kumwita?