Jiwe Lililopiga Chafya

Paukwa! Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa! Haya, Pakawa yenu imefika, sogeeni.

Zamani hizo wanyama walikuwa na chuo chao kikuu, kando ya mto. Kilikuwa na desturi moja ya kutisha: ukileta jibu, wewe ndiye wa kwanza kulijaribu, mbele ya wote.

Mwalimu Korongo akatoa kazi. Mto umejaa, tuvukie wapi twende kwenye majani mabichi? Mlete jibu, na mseme mmelitoa wapi.

Palikuwa na mwanafunzi mmoja, Digidigi, ana mtoto anayenyonya. Maziwa yamepungua, majani ya ng'ambo anayataka, mto anauogopa, moyo pu-pu-pu.

Akakimbilia kwa Kasuku. Kasuku akamwambia avukie kwenye lile jiwe kubwa jeusi. Akamuuliza Chiriku: jiwe jeusi. Akamuuliza Tumbili: jiwe jeusi, nani asiyejua? Digidigi akafurahi, mashahidi watatu, kazi imekwisha, akamwita mtoto, twende. Njiani woga ukamshika. Akageuka mbio.

"Kaka Tumbili, ulipovuka pale ulilowa miguu?"

"Mimi? Mimi nilisikia kwa Chiriku."

Chiriku naye alisikia kwa Kasuku. Digidigi akamrudia Kasuku, pumzi juu juu.

"Na wewe, kaka, ulisikia kwa nani?"

Kasuku akajikuna shingo. "Kwa Tumbili. Tena alisema kwa uhakika sana."

Watatu wazima, na hakuna aliyelowa hata ukucha!

Digidigi akamficha mtoto kichakani, akaenda ukingoni, akaokota kijiti, akakirusha kwenye jiwe. Tuu. Jiwe likapiga chafya. Jiwe likafumbua macho. Jiwe likauliza nani huyo anayesumbua watu, maana lilikuwa Kiboko, na usingizi wake haukuwa umekwisha.

Digidigi alikimbia, alikimbia, kisha akarudi, kwani mtoto atanyonya nini? Akamkuta Kuro, yule swala mkubwa apendaye maji, anatoka majini, miguu inachuruzika, akamuuliza amepita wapi. Kuro akamwonyesha penye changarawe. Hapo napo hakuridhika. Akatia mguu mmoja, chubwi, akatia wa pili, chubwi, akafika ng'ambo, akarudi.

Siku ya majibu Kasuku alitangulia kusimama, kifua mbele. Jiwe jeusi.

"Vizuri," akasema Mwalimu. "Vuka."

Kasuku akafungua mabawa.

"Kwa miguu, mwanangu."

Kasuku akasema samahani, amekumbuka kuna sehemu hajaimalizia.

Digidigi akasimama. "Nimemwona Kuro akitoka penye changarawe, kisha nimevuka mwenyewe." Akashuka majini, chubwi, chubwi, mtoto nyuma yake, na chuo kizima nyuma ya mtoto.

Basi nyinyi mnaosoma, na nyinyi mnaosomesha: mkipewa kazi msihesabu waliosema, muulizeni wa kwanza alijuaje, kisha mkahakikishe wenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo ng'ambo, mama anatafuna majani, mtoto ananyonya, miguu yao bado mibichi.