Jumbe Aliyenong'ona Penye Utupa

Sogeeni, sogeeni, na wewe acha kumfinya mwenzako. Hili ni la zamani, zamani ile mawe yalikuwa bado laini, mtu akikanyaga mwamba anaacha unyayo. Mpo? Semeni mpo. Haya.

Palikuwa na mto Namtiti. Masika ni mto, kiangazi ni vidimbwi. Kando ya vidimbwi, pale udongo ulipobaki na ubichi, ulisimama utupa. Mnaujua? Kichaka kirefu kumpita baba yenu, majani yana manyoya ya kijivu, maua meupe, mengine zambarau, nyuki hawabanduki. Ndugu yake mbaazi, lakini ndugu asiyeliwa! Ukiyatwanga majani yake ukayamwaga majini, samaki wanalewa, wanaelea tumbo juu, unaokota kwa mkono. Samaki hao wanalika. Maji yale, ole wako.

Kwa hiyo ilikuwepo desturi. Kabla ya kumwaga, mtu apande jiwe, aite kwa sauti yake yote: "Nani anakunywa hapa?" Akijibu hata mmoja, hata kikongwe, "Mimi!" basi, hakuna uvuvi.

Kiangazi kimoja kikali vidimbwi vikakauka, hiki, kile, kikabaki kimoja tu. Na Jumbe Mkwinda, mkubwa wa kijiji, akapata wageni. Wageni! Akataka samaki. Akapanda jiwe, yeye na shemeji yake, akainama, akanong'ona: "Nani anakunywa hapa?"

"Hata mimi sijasikia, Jumbe," shemeji akasema.

"Vizuri. Na wao hawajasikia. Mwaga!"

Mnacheka? Msicheke! Maana upande wa pili alikuja Nambuje, binti mdogo, uzazi wa kwanza, akachota maji, akampa mwanawe Kadodo kata moja, moja tu, na mtoto akatapika, akalegea kama kisamvu kilichopigwa jua, na mama hajui afanye nini, anakimbia naye, anampuliza usoni, Kadodo, Kadodo, usinifanyie hivi baba, fumbua macho!

Jirani akampokonya mtoto, akamnywesha maziwa tone kwa tone. Alipona? Ngojeni! Nambuje akarudi kidimbwini, akaona samaki wanaelea. Akaelewa. Akaijaza kata ileile, huyo, mpaka barazani kwa Jumbe, wageni midomo imejaa.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, binti. Karibu samaki."

"Samaki wana miiba. Nimekuletea maji ya kushushia."

"Ya wapi?"

"Ya kidimbwini. Kunywa."

"Sina kiu."

"Mwanangu alikuwa nayo! Mbona hukuita?"

"Niliita! Nilifuata desturi. Shemeji, si niliita?"

Shemeji akatazama vidole vyake vya miguu.

"Basi kunywa," Nambuje akasema, sauti inatetemeka, kata haitetemeki. "Kunywa, Jumbe!"

Mgeni mmoja akatema. Mkono wa Jumbe haukunyanyuka.

Hawakumpiga. Wazee walimvua kilemba, wakamtwika mtungi. Chemchemi iko mlimani, kupanda na kushuka, jua la utosi, nyumba kwa nyumba mpaka mvua iliponyesha, na nyumba ya kwanza ya Nambuje. Kadodo alipona, ndiyo. Lakini mama yake hakumwambia Jumbe ahsante hata siku moja. Alipokea mtungi, akafunga mlango.

Anayeuliza kwa kunong'ona hataki jibu. Mkubwa akikunong'oneza hivyo, wanangu, wewe mjibu kwa kelele!

Kisa nimekitua. Mwenye masikio akibebe, asiye nayo akalale.